Mchawi wa Kitabuni na Bibi wa Jumuiya: Somo juu ya Mitishamba na Ramli



Wapendwa wasomaji, somo hili limetokana na maswali mawili tuliyoulizwa jioni moja. Tulikuwa mafrateri wawili katika uchungaji wa likizo, tumetumwa kusali na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Baada ya kushirikishana Neno, mama mmoja alitoa kitabu mkobani. Mtoto wake wa kidato cha pili alikuwa amekiazima kwa rafiki. Kilikuwa kitabu cha Harry Potter. Mama akauliza: “Mafrateri, humu ndani kuna wachawi wanaoandika habari za mimea ya ajabu na kufundisha watoto kupiga ramli. Nikichome?”

Tulimjibu kwa urefu na kwa furaha, maana swali lilikuwa jepesi kwetu. Wakati wa kuagana, mzee mmoja alituvuta pembeni. Akatueleza kwamba familia moja ya jumuiya hiyo hiyo ilikwenda kwa “mtaalamu” kuuliza kwa nini mtoto wao haponi, na mtaalamu akamtaja bibi wa nyumba ya jirani. Bibi huyo ndiye aliyezoea kuongoza rozari. Jioni ile hakuwapo. “Mtasema nini juu ya hilo?” mzee akauliza. Tulimwambia tutamwombea, tukashika njia.

Ndiyo maana tunaandika. La kitabu tulilijibu kwa nusu saa, la bibi kwa neno moja. Tukirudi njiani dhamiri ilitusuta. Tuyasome basi maswali haya mawili pamoja, kwa sababu la kwanza linatusaidia kuliona vizuri la pili.

1. Mchawi wa kitabuni ni nani?

Hadithi za Harry Potter ziliandikwa na mwandishi wa Uingereza, J. K. Rowling, katika vitabu saba vilivyotoka kati ya 1997 na 2007. Zinasimulia shule ya kubuniwa ambako watoto husomea uchawi kama wengine wanavyosomea hesabu. Katika orodha ya vitabu vya mwaka wa kwanza kuna kimoja kinachohusu mimea na uyoga elfu moja wa kichawi. Mwandishi wake wa kubuniwa anaitwa Phyllida Spore. Hata jina ni utani: la kwanza linatokana na neno la Kigiriki linalohusu majani, la pili ni mbegu ya uyoga.

Katika kitabu cha tatu (1999) wanafunzi wanaanza somo la ramli, na kitabu chao kimeandikwa na mchawi mwingine wa kubuniwa, Cassandra Vablatsky. Cassandra, katika masimulizi ya Wagiriki wa kale, ni nabii wa kike wa mji wa Troya aliyesema kweli na asiaminiwe. Vablatsky linafanana mno na jina la Helena Blavatsky (1831–1891), mwanamke wa kweli aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Jumuiya ya Teosofia huko New York mwaka 1875, na aliyevuta watu wengi kwenye mafundisho ya siri. Kwa hiyo mchawi wa kitabuni ametungwa kwa vipande vilivyookotwa katika historia halisi. Tuvitazame vipande viwili: mmea na ramli.

2. Mmea: tunguja katika hadithi na katika Biblia

Mmea unaokumbukwa kuliko yote katika hadithi hizo ni mandragora. Katika kitabu cha pili (1998) mzizi wake una umbo la mtoto, na ukiung'oa hulia kilio cha kuua, hata wanafunzi huziba masikio. Rowling hakulibuni jambo hili. Yosefu Flavio, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaeleza mzizi wa hatari uliong'olewa kwa kumfunga mbwa, ili mbwa afe badala ya mtu. Baadaye Ulaya nzima ilisimulia hivyo juu ya mandragora.

Mmea wenyewe upo kweli, nao hukua katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediteranea. Mzizi wake mara nyingi hugawanyika kama miguu miwili, na ndani yake mna sumu kama skopolamini na hiosiamini, ambazo huleta usingizi, kuweweseka, na zikizidi, kifo. Watu wa kale waliona mtu akinywa mzizi na kuongea na wasioonekana, wakasema mna pepo ndani. Ilikuwa ni sumu ikifanya kazi yake.

Biblia inautaja. Katika Mwa 30:14-24 Reubeni anawaokota kondeni matunda yake na kumletea mama yake Lea. Biblia ya Kiswahili huyaita tunguja. Mtunguja wetu wa porini si mandragora yenyewe, ila yote miwili ni ya ukoo mmoja pamoja na nyanya na biringanya. Raheli, aliyekuwa tasa, anayataka sana matunda hayo, kwa kuwa watu waliamini yanaleta uzazi. Anayapata kwa kumwachia Lea mume wao usiku ule.

Someni sasa kinachofuata. Raheli ndiye mwenye tunguja mkononi, lakini Lea, aliyeyatoa, ndiye anayechukua mimba. Raheli anapata mtoto baadaye, na mwandishi mtakatifu anatoa sababu moja tu: Mungu alimkumbuka. Hakuna maneno ya kuwakaripia wanawake wale. Masimulizi yenyewe yanatuonyesha kwamba uhai haukutoka kwenye tunda.

3. Dawa na hirizi: mpaka uko wapi?

Baadhi ya waamini wakisikia hayo hudhani Kanisa linakataza mitishamba. Sivyo. Yoshua bin Sira (38:1-8) anafundisha kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini, na kwamba mwenye busara hazidharau. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Fal 20:7). Katika karne ya 17 Wajesuiti walikuwa miongoni mwa walioeneza Ulaya gome la mkwinini kutoka Amerika ya Kusini, na likawa dawa ya malaria. Dawa ya mseto tunayomeza leo inatokana na mmea wa ukoo wa pakanga. Tu Youyou wa China, aliyeongoza kazi ya kuipata dawa hiyo, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Aliongozwa na maandiko ya kale ya tiba za Kichina, lakini hakuishia kuyaamini tu. Alipima, akapima tena, akajaribu dawa mwilini mwake kabla ya kumpa mgonjwa.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatupa kipimo kilicho wazi (Summa Theologiae, II-II, swali la 96, kifungu cha 2). Kitu kikitumiwa kwa ajili ya nguvu ambayo kwa asili kinayo, hapo hapana ushirikina. Lakini yakiongezwa maneno ya siri, alama au masharti ambayo kwa asili hayawezi kuleta tokeo linalotafutwa, tumevuka mpaka. Mzizi uliochemshwa kwa ajili ya tumbo ni dawa, ikiwa kweli unatibu tumbo. Mzizi ule ule ukifungwa kwenye kitambaa cheusi ili jirani asikuone, ni hirizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK 2117) inafundisha hivyo hivyo: tiba za asili haziwi kisingizio cha kuziita nguvu za uovu, wala cha kujinufaisha kwa wepesi wa watu kuamini.

Hapa tukumbuke mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga, na maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walipanga foleni ya magari kwa kilomita nyingi ili wanywe kikombe kwa shilingi 500. Si kazi yetu kuhukumu moyo wa mtu. Ila tunajifunza kwamba palikuwa na mambo mawili yaliyohitaji vipimo viwili. Mti hupimwa maabara. Ndoto hupimwa na Kanisa. Vikichanganywa katika kikombe kimoja, mgonjwa hajui tena anaamini nini, na wapo walioacha dawa zao za hospitali.

4. Ramli: kutaka kukaa kwenye kiti cha Mungu

Kuhusu ramli hatuhitaji kupapasa. Kum 18:9-14 inawakataza watu wa Mungu waaguzi, watazama nyakati na wanaoita wafu. KKK 2116 inataja kutazama nyota, kusoma viganja, kufasiri ishara na bahati, na kuwaendea wenye kudai kuona yaliyofichika. Aya inayotangulia (2115) inakumbusha kwamba Mungu aweza kuwafunulia manabii wake yajayo, lakini msimamo sahihi wa Mkristo ni kujiweka kwa imani mikononi mwa Maongozi yake.

Mtakatifu Thoma (swali la 95) anafafanua kwamba mtaalamu wa hali ya hewa si mpiga ramli, kwa kuwa anasoma visababishi. Dhambi ya ramli ni kujitwalia lililo la Mungu peke yake.

Mara nyingi waamini hutuambia: “Lakini frateri, yule mtaalamu alisema kweli! Alijua hata jina la marehemu baba.” Tusome Mdo 16:16-19. Kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi alisema kweli juu ya Paulo na wenzake, kwamba ni watumishi wa Mungu. Hata hivyo Paulo alimkemea yule pepo. Ukweli wa neno moja haukumfanya msemaji kuwa wa Mungu. Tena Luka anatuonyesha waliokasirika ni nani: mabwana zake, kwa kuwa tumaini lao la faida lilipotea. Ukitaka kuijua ramli, fuata pesa.

Tumwangalie pia Sauli (1 Sam 28). Yeye mwenyewe aliwafukuza waaguzi katika nchi. Hofu ilipomzidi, alijibadilisha mavazi akaenda usiku Endori. Alirudi bila msaada wowote, akiwa na hofu kubwa zaidi, na kesho yake akafa. Wangapi kati yetu hupokea Komunyo asubuhi na usiku wakapanda pikipiki kuelekea Endori?

5. Utabiri unaoua

Ajabu ni kwamba mwandishi wa Harry Potter mwenyewe haiheshimu sana ramli. Mwalimu wa somo hilo, Sibyll Trelawney, hutazama majani ya chai na tufe la kioo. Kila mwaka hutabiri kifo cha mwanafunzi mmoja, na hakuna anayekufa. Mwanafunzi hodari kuliko wote huchoka, akaliacha darasa.

Lakini katika kitabu cha tano (2003) mna jambo zito. Utabiri mmoja wa Trelawney ulisema atazaliwa mtoto atakayeweza kumshinda mchawi mwovu Voldemort. Maneno yale yangeweza kuwahusu watoto wawili. Voldemort aliletewa nusu tu ya habari, akaiamini, akachagua mmoja, akaenda kumwua angali mchanga. Kwa tendo hilo akajitengenezea adui aliyemwogopa. Mwalimu mkuu anamfafanulia kijana kwamba utabiri ule ulipata uzito kwa sababu Voldemort aliuamini na kuufuata.

Ndugu wapendwa, hapo hadithi ya kubuniwa imegusa jambo lililo kweli vijijini kwetu. Mpiga ramli hutazama maji au kioo, kisha husema maneno ya nusu: “Adui yako si wa mbali. Ni mwanamke. Ni mtu mzima. Macho yake ni mekundu.” Anaongezea methali tuliyoizoea, kikulacho ki nguoni mwako. Maneno hayo yangeweza kumhusu bibi yeyote aliyepikia kuni miaka hamsini. Hayana nguvu yoyote mpaka mtu ayaamini. Akishayaamini, jirani wa jana anakuwa mchawi wa leo, na wakati mwingine panga linachomolewa. Katika Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa sababu hii hii, na watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa maagizo ya waganga. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, na polisi wana jina la jambo hili: ramli chonganishi.

Kwa hiyo, tukilinganisha hatari, kitabu kilichokuwa mkobani mwa mama hakikumtaja mtu yeyote wa kijiji. Neno la mtaalamu lilimtaja.

6. Mwanamke wa kweli aliyeandika juu ya mimea

Kanisa lina mwanamke wake aliyeandika juu ya mimea na aliyeona maono: Mtakatifu Hildegarda wa Bingen (1098–1179), abesi Mbenediktini wa Ujerumani. Katika kitabu chake kiitwacho Physica alieleza mimea, miti, mawe na wanyama, pamoja na matumizi yake katika tiba. Mandragora nayo imo. Si yote aliyoandika yanakubaliwa na sayansi ya leo. Aliandika kwa elimu ya wakati wake.

Tofauti yake na mpiga ramli ni ipi? Kwanza, hakuyauza maono yake. Alimwandikia Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux akiomba ushauri, na maandishi yake yalifikishwa mbele ya Papa Eugenio III wakati wa mkutano wa Trier mwaka 1147–1148, Papa akamruhusu aendelee kuandika. Alikubali kupimwa. Pili, maono yake yaliwaita watu, hata maaskofu na wafalme, kwenye toba. Hayakumtaja jirani kama chanzo cha homa ya mtoto. Tatu, mimea aliiona kama zawadi ya Muumba kwa mgonjwa. Tarehe 7 Oktoba 2012 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

7. Tumjibu nini mama? Tumjibu nini mzee?

Kwa mama: usikichome. Orodha ya vitabu vilivyokatazwa ilikoma kuwa sheria ya Kanisa mwaka 1966, na vitabu hivi havijawahi kupigwa marufuku na Kanisa zima. Wapo wachungaji waliotofautiana. Februari 2003, hati ya Vatikani juu ya mafundisho ya “Kipindi Kipya” ilipotolewa, padre mmoja aliyeshiriki kuiandaa alisema haoni ubaya katika hadithi hizo. Mwezi uliofuata Kadinali Joseph Ratzinger, katika barua binafsi, alimshukuru mwandishi mmoja wa Ujerumani kwa kutahadharisha juu ya vishawishi vyake vya chinichini. Kwa hiyo soma pamoja na mwanao. Muulize: katika hadithi hii, wema unashinda kwa nini? Je, unajua tofauti ya hadithi na mambo ya kweli? Je, ukiogopa mtihani, utamkimbilia nani? Jibu la swali la tatu litakuonyesha kama kuna la kuhangaikia.

Kwa mzee, haya ndiyo tuliyopaswa kusema jioni ile. Kwanza, mtoto apelekwe hospitali, na ikiwa nauli ndiyo tatizo, jumuiya ichange. Pili, bibi asiachwe peke yake hata siku moja. Jumuiya ihamishie sala nyumbani kwake. Tatu, paroko aarifiwe, ili familia iliyokwenda kwa mtaalamu iongozwe kwa upole kwenye sakramenti ya Kitubio. Hao nao ni wazazi wanaoogopa kumzika mtoto. Nne, kukiwa na tishio lolote, mtendaji wa kijiji na polisi waambiwe mara moja. Sala ya kumwombea bibi isiwe kisingizio cha kunyamaza.

Juma lililofuata tulirudi pamoja na katekista. Rozari ilisaliwa uani kwa bibi. Tulikuwa watu saba. Alianzisha mwenyewe Fumbo la kwanza, sauti ikitetemeka, kisha ikatulia. Baadaye mtoto alipelekwa hospitali, akapimwa, akakutwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili. Hakuna jirani anayeweza kumpa mtu selimundu. Baba wa mtoto alikwenda kuomba radhi. Lakini mpaka tunaondoka, wapo waliokuwa bado wanavuka barabara wakimwona bibi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Maswali ya kutafakari

1. Soma Mwa 30:14-24. Raheli alitafuta nini katika tunguja? Sisi tunakitafuta wapi leo?

2. Kwa kutumia kipimo cha Mtakatifu Thoma, tenganisha dawa na hirizi katika mambo matatu yanayofanyika mtaani kwako.

3. Kwa mafrateri: ni maswali gani ya waamini tunayapenda kwa sababu ni mepesi, na yapi tunayakimbia?

4. Katika jumuiya yako, ni nani aliyeacha kuja kusali, na je, kuna aliyekwenda kumwuliza?

Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, utuombee.